Makali, Mgongo na Ncha: Maneno ya Kuchagulia Kisu cha Mfukoni

Mfasiri anayeletewa kijitabu cha maelekezo ya kisu cha kukunja huweza kukutana na mashauri mawili katika ukurasa mmoja. La kwanza linamwonya mtumiaji asikate kitu kwa kisu butu, kwa kuwa kisu cha namna hiyo humlazimisha kutumia nguvu nyingi, kikateleza na kumjeruhi. La pili linamshauri anayefanya kazi juu ya chombo kinachoyumba, au karibu na watoto, achague kisu butu kwa ajili ya usalama. Mashauri yote mawili yalikuwa sahihi katika lugha ya asili. Katika tafsiri yamegongana, na msomaji aliyetaka kununua kisu amebaki hajui lipi la kufuata.

Kosa haliko katika neno "butu" lenyewe. Kivumishi hicho huelezea makali yasiyokata, na vilevile huelezea ncha isiyochongoka. Tatizo limezuka pale mfasiri alipokiambatisha na kisu kizima badala ya sehemu ya kisu inayohusika. Angeandika "kisu chenye makali butu" katika shauri la kwanza na "kisu kisicho na ncha iliyochongoka" katika la pili, mgongano usingekuwapo. Hapo ndipo penye kiini cha kuchagua kisu cha mfukoni: umbo la kisu ni uhusiano baina ya makali, mgongo na ncha. Anayezitaja sehemu hizo tatu kwa usahihi anaweza kueleza umbo lolote, hata lile ambalo halijapata jina katika Kiswahili.

Sehemu za kisu

"Makali" ni upande unaokata. Nomino hii ni ya ngeli ya YA-YA na haina umoja katika matumizi ya kawaida: husemwa "makali ya kisu hiki yamekwisha" hata kama kisu chenyewe kina upande mmoja tu unaokata. Shina lake ni lile lile la kivumishi "-kali". Methali isemayo "Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama" inasifu makali, na haisemi lolote kuhusu ncha. "Mgongo" ni upande wa pili, ulio mnene, usiokata, ambao mtu huuwekea kidole gumba anapotaka kusukuma. Si kila kifaa cha kukatia kina mgongo kwa maana hiyo: jambia na sime hunolewa pande zote mbili. "Ncha" ni mahali makali yanapokutana na mgongo. "Mpini" ni sehemu ya kushikia, na katika kisu cha kukunja una kazi ya ziada, kwa kuwa ndio pia ala ya kisu. Jambo hili la mwisho lina athari katika umbo. Ncha iliyoinuka sana kuelekea juu haizami vizuri ndani ya mpini kisu kinapokunjwa, na ncha inayochungulia nje ya mpini ni hatari mfukoni. Ndiyo maana maumbo yenye ncha iliyopinda kuelekea juu huonekana zaidi katika visu visivyokunjwa.

Ugumu hujitokeza katika kulitaja lile bamba zima la chuma linaloanzia kwenye mpini hadi nchani. Tafsiri zisizopitiwa kwa makini huliita "wembe", pengine kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa bamba la kisu na kwa wembe wa kunyolea. Kwa msemaji wa Kiswahili, wembe ni kifaa kamili, chembamba, chenye kazi yake. "Wembe wa kisu" ni vifaa viwili vilivyobandikwa pamoja. Kamusi zimehifadhi neno "kengee" kwa maana ya bamba la kisu au la upanga bila mpini. Ni neno zuri kwa maandishi ya kitaalamu, ingawa sokoni halisikiki sana, na mwanafunzi asiyelijua hulisoma "kengele". Neno linaloeleweka kwa wengi zaidi ni "bapa". Kasoro yake ni kwamba hutumika pia kwa ule ubavu mpana peke yake, kama katika sentensi "Alimpiga kwa bapa la upanga", yaani alimpiga bila kumkata. Muktadha huondoa utata huo mara nyingi, na katika maelezo yanayofuata "bapa" ni bamba zima.

Udogishaji na ukuzaji nao una hila yake. "Kisu" tayari kina kiambishi cha ngeli ya KI-VI, kwa hiyo udogo wake huundwa kwa kuongeza: "kijisu". Hata hivyo neno hilo mara nyingi hubeba dharau, kama ambavyo "jisu" hubeba kitisho. Muuzaji anayetangaza "vijisu vya mfukoni" amekwisha kuzishusha bei bidhaa zake kabla mnunuzi hajauliza. "Kisu kidogo cha mfukoni" hutosha.

Vitenzi vinasaidia kuliko inavyodhaniwa. Makali hukata, huchonga, humenya, huchuna. Ncha huchoma, hudunga, hutoboa. Kiswahili cha kila siku kimeuweka mpaka huo hata katika habari za polisi: mtu "hukatwa panga" lakini "huchomwa kisu". Panga hujulikana kwa makali na uzito wake, kisu kwa ncha yake. Kwa hiyo anayeuliza kisu gani kinafaa kubebwa mfukoni kila siku ajiulize kwanza kama kazi zake ni za kukata au za kutoboa, na mara ngapi kwa kila moja.

Makali hupimwa, bapa hupimwa

Tofauti ya makali na bapa haiwahusu wanaisimu peke yao. Nchini Uingereza, Sheria ya Haki ya Jinai ya mwaka 1988, katika kifungu cha 139, inamkataza mtu kuwa mahali pa umma na kifaa chenye bapa au chenye ncha kali pasipo sababu ya msingi au mamlaka ya kisheria. Katazo hilo linakiacha nje kisu cha mfukoni cha kukunja, mradi makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kilichotajwa na sheria ni urefu wa makali. Visu vingi vina sehemu fupi isiyonolewa karibu na mpini, hivyo bapa huweza kuyazidi makali kwa milimita kadhaa. Mfasiri wa huduma za jamii anayewaandikia Waswahili waliohamia huko akiandika "urefu wa kisu", msomaji mmoja atapima kisu kilichokunjuliwa pamoja na mpini wake, mwingine atapima bapa, na huenda wote wawili wasifikie kile ambacho sheria imekitaja.

Kuna neno jingine linalohitaji uangalifu hapo. Mahakama za England zimeamua kwamba kisu chenye kifungio, yaani kile ambacho bapa lake likishakunjuliwa hukaza na haliwezi kukunjwa mpaka kifungio kifunguliwe, hakihesabiwi kuwa kisu cha kukunja kwa maana ya msamaha huo, hata makali yake yawe mafupi kiasi gani. Mafundi wengi husema "loki", nalo ni neno la kukubalika. La kuepuka ni "kufuli", ambalo humfanya msomaji afikirie ufunguo. Kisu cha Opinel namba 8 ni mfano mwema. Visu vya Opinel vilianza kutengenezwa katika eneo la Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na mwaka 1955 viliongezewa pete ya chuma inayozungushwa ili kulikaza bapa. Namba 8 ina bapa la karibu sentimita 8.5. Nchini Ufaransa ni kisu cha mezani na cha shambani, cha kukatia mkate na jibini. Kikivushwa hadi London, urefu wake na pete yake kila kimoja hukitoa kwenye msamaha, na mwenye nacho atahitaji sababu ya msingi ya kukibeba.

Ncha ikae wapi

Umbo linalowafaa watu wengi ni lile ambalo mgongo wake hushuka polepole, ukiwa umebinuka kidogo, hadi kukutana na makali karibu na mstari wa katikati wa bapa. Jina lake la Kiingereza lina maana ya "ncha iliyoshuka". Tafsiri ya neno kwa neno inapotosha kidogo, kwani msomaji huweza kudhani kwamba ncha imeinama baada ya kisu kuangushwa. Kilichoshuka ni mgongo, na "bapa la mgongo ulioshuka" hueleza jambo hilo vizuri zaidi. Kwa kuwa mgongo huteremka taratibu, chuma kingi hubaki nyuma ya ncha, nayo haivunjiki upesi. Makali kwa upande wake hubinuka yanapokaribia ncha, na ubinukaji huo husaidia kukata kwa kuvuta: sehemu moja ya makali inapoondoka kwenye kitu kinachokatwa, nyingine huwa imekwisha kufika. Nyama, nyanya na mkate hukatwa vizuri kwa namna hiyo. Mwenye kisu kimoja tu, asiyejua kesho atakata nini, hapotezi kitu akichagua umbo hili.

Umbo la pili hufanana na hilo, isipokuwa sehemu ya mbele ya mgongo imeondolewa kwa mstari ulionyooka au uliobonyea. Waingereza huliita kwa maneno yenye maana ya "ncha iliyokatwa", na jina hilo nalo lina mtego: ncha haikukatwa, ipo, tena imechongoka kuliko ya umbo la kwanza. "Mgongo uliokatwa" ni tafsiri ya salama. Umbo hili huhusishwa zaidi na Marekani, ambako lilivuma kwa kisu kikubwa kilichopewa jina la James Bowie, mpiganaji aliyepata sifa kwa ugomvi wa visu mwaka 1827 na kufa vitani Alamo mwaka 1836. Katika kisu cha mfukoni linafaa kwa kazi za kudukua: kutoa macho ya nanasi, kuchomoa mwiba, kutoboa ngozi ya mkanda. Gharama yake ni udhaifu. Ncha nyembamba iliyotumiwa kufungulia kopo la rangi hubaki ndani ya kopo.

Pale ambapo mgongo na makali huelekeana kwa ulinganifu hadi kukutana katikati kabisa, umbo huitwa la "ncha ya mkuki", na hapa tafsiri ya moja kwa moja haina hasara, kwa sababu msomaji wa Kiswahili anaujua mkuki. Bapa kubwa la visu vya mfukoni vya Uswisi hutajwa kuwa la umbo hili. Kisu cha askari wa Uswisi kilianza kutolewa na Karl Elsener mwaka 1891, na kile cha maofisa, ambacho ndicho babu wa visu vyekundu vinavyojulikana duniani, kilisajiliwa mwaka 1897. Ieleweke tu kwamba mkuki hukata pande zote mbili. Kisu cha Uswisi kina mgongo, na mfasiri asiongeze makali ambayo kisu hakina.

Maumbo yanayosahauliwa na wanunuzi, na ambayo yanastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, ni yale yenye makali yaliyonyooka. Katika haya makali hayabinuki hata kidogo. Ni mgongo unaopinda na kuyafuata yalipo, hivyo ncha hukaa chini kabisa, katika mstari mmoja na makali. La kwanza kati ya haya lina jina la Kiingereza lenye maana ya "unyayo wa kondoo", kwa sababu mgongo wake hushuka ghafla mwishoni na kuacha mbele pa duara. Hili ndilo lile "kisu butu" la shauri la pili katika kijitabu. Mabaharia walilipenda kwa kuwa kazi yao ilikuwa kukata kamba katika chombo kinachoyumba, mahali ambapo ncha iliyochongoka ingeweza kutoboa tanga au mwenzao. Makali yake yanaweza kuwa makali kama wembe, na mfasiri anayeliita butu ameliondolea sifa yake kuu.

La pili ni binamu yake. Mgongo wake huanza kushuka mapema, karibu na mpini, na kuteremka polepole hadi ncha ikachongoka. Jina lake, Wharncliffe, limetoka kwa bwana mmoja wa ukoo wa kikabaila wa Uingereza aliyehusishwa na viwanda vya visu vya Sheffield katika karne ya 19. Jina la mtu halitafsiriwi, na hakuna haja ya kuliandika "Wanklifu". Andiko linaweza kulitaja mara moja jinsi lilivyo, kisha likaendelea na maelezo: bapa la makali yaliyonyooka lenye ncha ya chini.

Faida ya makali yaliyonyooka huonekana katika kazi za mjini. Anayefungua maboksi huhitaji ncha iguse gundi ya juu tu bila kuzama katika bidhaa, na ncha iliyo chini hutii kwa urahisi kwa kuwa kidole gumba juu ya mgongo huisukuma moja kwa moja. Anayekata kamba ya katani, anayepunguza kadibodi kwa kufuata rula, anayechonga kijiti na anayemenya chungwa kwa kulizungusha, wote hutegemea sehemu ndogo ya makali inayobaki katika pembe moja. Kunoa nako ni rahisi: makali yaliyonyooka hulala yote juu ya kinoo, ilhali yaliyobinuka humtaka mnoaji ainue mpini kila anapokaribia ncha, na wengi husahau kufanya hivyo hadi sehemu ya mbele ikawa butu kabla ya nyingine. Upungufu upo pia. Makali ya namna hii hayafai kuchuna wala kukata nyama juu ya ubao, kwa kuwa ncha hugonga ubao kabla makali hayajamaliza kazi.

Yaliyosalia ni ya wenye mahitaji maalumu. Umbo la tanto, neno la Kijapani lenye maana ya kisu kifupi cha samurai, katika visu vya kisasa vya Marekani limekuwa bapa lenye makali mawili yaliyonyooka yanayokutana kwa pembe. Ncha yake ni imara sana, lakini makali yake hunolewa sehemu mbili mbalimbali na hayakati kwa kuvuta vizuri. Umbo lenye makali yaliyopinda kwa ndani halihitaji jina la kigeni. Mkulima analiona katika mundu, na bapa la "umbo la mundu" hueleweka mara moja: hukamata tawi, zulia au ganda la waya na kulikata linapovutwa. Kulinoa kwa kinoo bapa ni adhabu. Meno ya msumeno yaliyowekwa katika nusu ya makali hukata kamba ngumu haraka, lakini huchanachana matunda.

Jina au maelezo?

Swali linalobaki kwa mfasiri ni kama ayape maumbo haya majina ya Kiswahili au ayaeleze. Kiswahili kina mazoea yake ya kale katika jambo hili: kifaa hupewa jina kulingana na kazi na mwenye kazi. Kotama ni kisu cha mgema. Mundu ni wa mvunaji. Jambia hujulikana pia kwa jinsi linavyovaliwa kiunoni, na Waomani wameliweka katika nembo iliyo kwenye bendera ya nchi yao. Hakuna kati ya majina hayo lililotokana na kulinganisha ncha na unyayo wa mnyama. Kwa hiyo "kisu cha unyayo wa kondoo", hata kama kinaweza kuzoeleka baadaye, leo humfanya msomaji asimame na kumtafuta kondoo. Maelezo ya mahali pa ncha humfikisha dukani akiwa anajua cha kuomba.

Katika orodha ya bidhaa, ambapo nafasi ni finyu, mpangilio mmoja hutosha kwa kila kisu: kwanza namna ya kukunjwa na kifungio, kisha vipimo, kisha makali, mgongo na ncha kwa utaratibu huo, na mwisho mpini. Kwa mfano: "Kisu cha kukunja kisicho na kifungio. Bapa sentimita 6.5, makali sentimita 6. Makali yamenyooka, mgongo umepinda ghafla mbele, ncha ya chini, haikuchongoka. Chuma kisichoshika kutu. Mpini wa mbao." Mnunuzi wa Mombasa au Unguja, ambako hewa ya chumvi hula chuma upesi, atasoma sentensi ya chuma kwanza. Aliyeko Leeds atasoma ya kifungio na ya makali.